Likizo ya Mwezi wa Sita na Watoto Wakubwa

Wadogo zangu, shule zinakaribia kufungwa na barua zenu zimeanza kuelekea upande mmoja: mwezi wa sita twende wapi na watoto? Nimechukua barua moja niijibu kwa kirefu, kwa kuwa humo nimewaona wengi wenu. Imetoka kwa mama wa Kimara, Dar es Salaam. Ana watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 17. Alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na tangu hapo yupo nyumbani akisubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Wa pili ni binti wa miaka 15. Kitindamimba ana 12. Baba yao amepata likizo ya wiki moja. "Zamani ilikuwa rahisi," anaandika. "Tukiwapeleka Kigamboni wakachezea mchanga, tumemaliza. Sasa mkubwa anasema nyie nendeni tu, mimi nabaki. Binti anauliza kama huko kuna mtandao. Mdogo anataka simba. Dada, niwapeleke wapi?"

Kwanza nikutoe wasiwasi, mdogo wangu. Wanao hawajakuchoka, ila wamekua. Mtoto wa miaka sita ukimpakia kwenye gari anafurahi kwa kule kupakiwa tu. Wa miaka 15, ukishampangia gari la kupanda, chumba cha kulala, chakula cha kula na saa ya kuamka, umemgeuza abiria, na abiria kazi yake ni kuuliza tumefika wapi. Kijana anataka kuwa na la kuamua na la kufanya. Kwa hiyo kabla hujauliza mahali fulani ni pazuri kiasi gani, jiulize: wanangu watafanya nini pale kwa miguu yao na mikono yao? Na je, kuna mahali wanaweza kutoka wenyewe kwa saa moja, bila mimi, nisife kwa hofu? Mahali pasipo na jibu la maswali hayo mawili, hata pawe na sifa dunia nzima, nakushauri upaache kwanza.

Ndiyo maana sianzi na Serengeti. Ni fahari yetu, na kila mtoto wa nchi hii anastahili kuiona. Lakini kutoka Kimara kwa barabara, wiki moja yote italiwa na safari ya kwenda na kurudi, na mkishaingia hifadhini mnakaa ndani ya gari kutwa. Kitindamimba atafurahi. Yule wa 17 atalala. Subirini likizo ndefu ya Desemba, au mwaka mtakaopata mwenyeji Arusha au Mwanza wa kuwapunguzia safari na gharama.

Sasa tuzungumzie namna ya kuchagua, maana hapa ndipo nyumba nyingi huharibu mambo. Usiwaulize watoto "mnataka kwenda wapi?" ukiacha swali wazi kama hivyo. Mmoja atasema Dubai, mwingine atasema popote, na ukishakataa Dubai utaonekana uliuliza kwa kujifurahisha. Kaeni wewe na baba yao kwanza, peke yenu, mkubaliane mambo matatu: fedha iliyopo, siku zilizopo, na saa nyingi zaidi mnazoweza kukaa njiani kwa siku moja. Kisha chagueni sehemu tatu zinazowezekana kweli, wapelekeeni watoto hizo tatu, na waambieni fedha iliyopo ni kiasi gani. Ndiyo, mtajieni kijana kiasi. Najua wengi wetu tulilelewa bila kujua mshahara wa baba, lakini mtoto wa miaka 17 anayekwenda kuishi bweni lazima aanze kuona shilingi inavyogawanyika. Mkubwa atafute nauli na ratiba. Binti atafute malazi, apige simu mwenyewe, aulize bei na kama maji ya moto yapo. Mdogo aorodheshe viingilio. Wakirudi na hesabu, wao ndio wachague moja kati ya tatu. Na wakishachagua, mdogo wangu, usigeuze. Ukigeuza, mwakani hakuna atakayekusikiliza.

Kwa wiki moja kutokea Dar, mezani ningeweka Morogoro, Lushoto na Iringa. Nieleze kwa nini.

Morogoro nimeiweka mbele kwa sababu ya treni na kwa sababu ya Udzungwa. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na safari haifiki saa mbili. Kwa watoto ambao safari ya mkoani wanaijua kama kukaa kwenye basi tangu alfajiri, hiyo peke yake ni sehemu ya likizo. Kutoka Morogoro mjini mnapanda basi la Ifakara. Barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na hapo mwambie kitindamimba asisinzie, kwa kuwa twiga, pundamilia na hata tembo huonekana wakila kando ya lami. Kuna pia mabango yanayotaja faini ya kumgonga kila mnyama. Watoto hupenda kuyasoma na kubishana kwa nini huyu ana bei kuliko yule. Kama simba bado anadaiwa, laleni usiku mmoja mji mdogo wa Mikumi, mkodi gari la hifadhini kwa asubuhi moja, mtoke mapema kabla jua halijapanda. Simba hakuahidi mtu, mwambieni hivyo mapema. Ila asubuhi moja inatosha, na haijaimeza wiki nzima.

Baada ya hapo shukeni Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na haina barabara ya magari ndani. Kila mtu anatembea. Huwezi kuwa abiria Udzungwa hata ukitaka. Mnapewa mwongozaji, mnapanda msituni hadi maporomoko ya Sanje, maji yanayoanguka jumla ya mita kama 170 kwa hatua tatu, na chini yake kuna vidimbwi vya kuoga, maji baridi ya kukata pumzi. Kwenda na kurudi ni nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Mwezi wa sita masika imeshapita, njia imeanza kukauka, lakini maji bado ni mengi. Njiani kuna mbega mwekundu wa Iringa, na kuna ngolaga wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi hawakumtambua hadi 1979. Hebu mwambie hilo binti yako wa miaka 15 anayefikiri kila kitu duniani kimeshagunduliwa. Mnyama mkubwa kiasi hicho, kando ya mashamba ya miwa ya Kilombero, na vitabu vya kisayansi havikumjua. Wenyeji walimjua siku zote.

Nimeona vijana wanaopanda mlima wakibadilika njiani. Yule aliyekuwa hasemi nyumbani huwa mbele anawangoja wengine, anampa mama mkono kwenye jiwe linaloteleza. Mama naye anajifunza kushika mkono wa mwanawe. Mambo haya hayatokei kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Lushoto ni chaguo la familia inayotaka utulivu na baridi. Mkishuka Mombo kutoka barabara ya Arusha, mnapanda kilomita 33 za kona hadi mjini. Anayetapika akae mbele. Mji ni mdogo na watu wake wamezoea wageni, kwa hiyo vijana wanaweza kwenda sokoni wenyewe, wakanunua njugu na ndizi, wakarudi. Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni matembezi ya kilomita chache kupitia mashamba, na mkifika mnaona tambarare ya Umasaini yote chini ya miguu yenu. Hapo shika mkono wa kitindamimba, hakuna uzio wa kumtosha mtoto mwenye vituko. Wanaopenda zaidi waingie msitu wa Magamba na mwongozaji mwenyeji, na waombe matembezi ya usiku ya kutafuta vinyonga kwa tochi. Waambie wachukue masweta ya kweli. Mwezi wa sita Lushoto huwa na ukungu na baridi inayomshangaza mtoto wa Dar. Koti la shule halitoshi.

Iringa ningempa yule wa 17. Amesoma historia miaka minne, amefanya mtihani wa Mkwawa, lakini hajawahi kusimama Kalenga. Pale, kilomita kama 15 kutoka mjini, kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyeyashinda majeshi ya Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kujiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa. Fuvu lilichukuliwa Ujerumani, likatajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudishwa 1954. Mwache asimame mbele yake kwa muda anaotaka, usimwambie la kuhisi. Siku ya pili nendeni Isimila, kwenye barabara ya Mbeya, mkaone zana za mawe za watu wa kale sana na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Jioni pandeni jiwe la Gangilonga mjini mtazame jua likizama. Haya yote ni ya bei ndogo, na yote ni ya kutembea. Tatizo la Iringa ni umbali, zaidi ya kilomita 490 kutoka Dar; siku mbili za wiki yako zinaliwa na barabara, japo barabara hiyo nayo inapita Mikumi.

Mtaniuliza, na bahari je? Sisi watu wa Pwani tukisikia likizo tunawaza maji. Lakini mwezi wa sita ni msimu wa kusi. Upepo unavuma kwa nguvu, bahari inachafuka, na boti ya Unguja huwarusha watu wasiozoea. Mafia, ambako kila kijana ameona video za papa potwe, subirini Oktoba hadi Machi. Juni mtafika na papa hawaonekani. Unguja inawezekana, mradi uchague upande. Kwa kijana anayetaka kuogelea kutwa, Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, maji hayapwi mbali. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, maji yakipwa yanaondoka hadi kwenye mwamba, na aliyekuja kuogelea atabaki amekaa mchangani saa nyingi. Ila hapo hapo Paje kusi ndiyo inayoleta wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, na maji yakipwa unaweza kutembea na watoto hadi kwenye mashamba ya mwani wakaona akina mama wanavyofunga na kuvuna. Kabla ya yote, uliza swali ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza: je, wanangu wanajua kuogelea? Urefu wa miaka 15 si ujuzi. Kama hawajui, kila mkipanda boti ndogo wavae jaketi okozi, na asiye na jaketi asipande, hata nahodha acheke.

Kama moyo wenu uko Pwani kabisa, mimi ningewapeleka Kilwa. Ni kilomita 300 hivi kusini mwa Dar, lami hadi Kilwa Masoko. Mnachukua kibali pale Masoko, mnavuka kwa boti hadi Kisiwani, mwendo mfupi tu, na mnatembea siku nzima kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981: msikiti mkuu, na kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji. Na kwa vijana wanaopenda mambo ya ajabu, mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za Kilwa kwenye Visiwa vya Wessel, ng'ambo ile ya Bahari ya Hindi, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Wape simu wapige picha, wape swali hilo, waache wabishane hadi usiku.

Hifadhi ya Kitulo nitaitaja kwa sababu imeulizwa na watatu: maua yake ni ya msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Msiende Juni kuyafuata maua halafu mkakuta nyasi na baridi.

Na wapo watakaokwenda kijijini kwa babu na bibi. Ni likizo kamili, nami naiheshimu, kwa masharti mawili. La kwanza, vijana wapewe kitu cha kwao: siku ya kwenda shambani na babu, siku ya kuandika majina ya ukoo kwa mdomo wa bibi, siku ya kuzuru makaburi na kuelezwa nani ni nani. La pili linakuhusu wewe, mama. Ukienda kijijini ukapikia watu 20 asubuhi, mchana na jioni, umehamisha jiko, hujapumzika. Zungumza na mumeo kabla hamjaondoka, ugali usongwe kwa zamu, na mvulana wa miaka 17 awemo kwenye zamu.

Kuna mambo ya vyumba na umri ambayo watu huyakuta mlangoni yakavuruga bajeti yote. Kwanza vyumba. Watoto wakiwa wadogo familia ya watu watano ililala chumba kimoja na godoro chini. Sasa binti wa 15 hawezi kulala na kaka zake, kwa hiyo unalipia vyumba vitatu, au viwili ikiwa binti atalala nawe na baba akalala na wavulana. Amueni mapema. Gesti safi ya mji mdogo ikilipiwa vyumba vitatu mara nyingi ni nafuu kuliko hoteli ya ufukweni ya vyumba viwili, na hii ni sababu nyingine inayonifanya nipende Mang'ula, Lushoto na Iringa. Pili, hifadhi za taifa humtoza mtoto wa miaka 5 hadi 15 bei ya mtoto; akifika 16 ni mtu mzima. Mkubwa wako mhesabu hivyo. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na kidogo sana kuliko wageni, basi bebeni vitambulisho vya taifa, na kwa watoto vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya shule.

Binti naye ana jambo lake ambalo hatalisema mbele ya kaka zake. Muulize kwa faragha tarehe zake, mpange safari ya mlimani mkizijua, na mfuko wake wa pedi uwe wake, si ndani ya begi la familia analofungua kila mtu. Uliza gesti kama bafu liko ndani. Wasichana wengi wanaosema "sitaki kwenda" wanaogopa hilo tu.

Simu msiwanyang'anye. Mpe mmoja kazi ya picha, mwingine ramani, kisha kubalianeni wakati mmoja wa siku, mimi ningesema chakula cha jioni, ambapo simu za wote zinawekwa kando, pamoja na ya baba. Saa nyingine ni zao.

Sasa yule wa 17 anayetaka kubaki. Mdogo wangu, fikiria alipo. Tangu Novemba yuko nyumbani, rafiki zake wametawanyika, kila anayepita anamuuliza atapangiwa shule gani. Majina yakitoka, kwa kawaida Julai ataripoti bweni, pengine mkoa ambao hajawahi kuukanyaga, na fomu ya kujiunga itadai godoro, sare, ndoo na vifaa vya usafi. Fedha hiyo itenge kwanza, kabla ya nauli ya likizo, na umwonyeshe kwamba umeitenga. Kijana akijua shule yake haijaliwa na safari, anapumua. Halafu mwambie aje na binamu wa rika lake, kama mzazi wa binamu atachangia nauli. Mpe ukuu wa safari: tiketi ziwe mkononi mwake, fedha ya chakula ya siku moja aipange yeye. Akikataa bado, mwambie neno hili bila kumlaumu, kwamba mwakani huenda msiwe wote watano nyumbani mwezi kama huu, na wewe unaitaka wiki hii pamoja naye. Sema hivyo mara moja tu, umwache akafikirie.

Nikiulizwa mimi, mama wa Kimara, ningekwenda Morogoro: treni siku ya kwanza, Mikumi usiku mmoja kwa ajili ya simba wa kitindamimba, Mang'ula siku tatu, siku moja ya kulala hadi saa nne na kufua raba zilizojaa tope, kisha mrudi. Lakini wapelekee zote tatu, wachague. Wiki ambayo shule zinafungwa treni hujaa, kwa hiyo hesabu zao ziwe mezani mapema, na kijana akate tiketi siku hiyo hiyo mnapokubaliana.